Data Irudi kwa Wenyewe

Hotuba kwa wasanifu wa programu, watumishi wa afya na masheha, Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, wauguzi wetu, walimu, wazee wangu mliotoka Wete, Micheweni na Mkoani, na nyinyi vijana wa kompyuta ambao kikao hiki kimeitishwa kwa ajili yenu hasa: ahsanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni ndefu, inahusu usanifu wa programu na namna ya kuzidisha thamani ya data. Nitaifupisha. Hapa visiwani tunachukua data za watu kila siku ya Mungu, vituoni, maskulini, madikoni, mashambani, na ni chache sana zinazorudi kwa waliozitoa. Hizo chache nazo aghlabu hurudi zimechelewa, kwa kipimo cha ofisini na lugha ya ofisini, mtu akazitazama akaziweka chini. Mimi naamini data huanza kuwa na thamani pale aliyeitoa anapoamua jambo lake vizuri zaidi kwa sababu yake. Kati ya jedwali na mtu huyo amesimama msanifu, na ndiyo maana kazi yenu naiona nzito.

Tuko Pemba, basi nianze na karafuu.

Msimu ukiingia, mchumaji hulipwa kwa pishi, kipimo chetu cha ujazo. Karafuu zinashuka na makonyo yake, zinachambuliwa, nyumba nzima imekaa kitako, halafu zinapimwa pishi kwa pishi na malipo yanahesabiwa hapo hapo. Kisha zinaanikwa juu ya majamvi siku kadhaa za jua, na mpaka zikauke zimeshapoteza kama theluthi mbili ya uzito wake. Ndipo zinapopelekwa kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la biashara la serikali, na huko mizani inasema kilo na daraja. Kwa hiyo mwenye shamba anaishi na vipimo viwili: pishi anazozilipa leo, na kilo atakazolipwa baadaye. Suala linalomkosesha usingizi limo katikati ya vipimo hivyo viwili: nikiwalipa hawa pishi zote hizi, nitabakiwa na kitu?

Sasa zitazameni programu nyingi za wakulima. Skrini ya kwanza inataka kilo. Ya pili inataka hekta, na yeye shamba lake analijua kwa idadi ya mikarafuu. Mkulima anajaza kwa kukisia ili aipite skrini, nasi tunayakusanya makisio yake na kuyaita data. Ingekuwa shauri langu, ningemwacha aandike pishi. Siku ya mwanzo apime pishi yake moja ya karafuu mbichi kwenye mizani, programu iukumbuke uzito ule. Kuanzia hapo, kila anapoandika "pishi 40", chini yake aone papo hapo: kilo mbichi hizi, zikikauka zitakuwa kama hizi, ukishawalipa wachumaji utabakiwa na kama shilingi hizi. Hesabu yenyewe anaiweza mtoto wa skuli ya msingi. Lakini imemfikia usiku ule ule wa kulipa, wakati bado anaweza kuamua kama kesho aongeze wachumaji au apunguze. Na nyinyi mnaotaka kilo zenu kwa ajili ya ripoti, mtazipata, tena zilizo sahihi, kwa sababu sasa mkulima ana haja ya kuandika ukweli.

Mfano mwengine umo ukutani kwa kila mmoja wetu: mita ya Tukuza. Mtu ananunua umeme kwa simu, anapata meseji ya tarakimu 20, anasimama mbele ya mita, simu mkono mmoja, anaziingiza nne nne. Mita inakubali, uniti zinaongezeka. Mwenye nyumba hana shida na uniti. Anataka kujua kama friji yake yenye samaki wa biashara itafika Jumamosi. Jawabu lipo tayari, kwa sababu mfumo unaouza umeme unajua nyumba ile imenunua uniti ngapi na lini. Nyumba inayonunua uniti 30 kila baada ya siku 10 inatumia kama uniti 3 kwa siku. Ikinunua uniti 12 leo, meseji ile ile ya tarakimu 20 ingeweza kumalizia kwa sentensi moja: "Kwa matumizi yako ya karibuni, umeme huu utakutosha kama siku nne." Hakuna mita mpya, hakuna bando, na hata mwenye kitochi inamfikia. Ila makisio yaandikwe kuwa ni makisio. Siku ya Idi haina matumizi ya siku ya kawaida, na mtu aliyeahidiwa siku nne kamili akazimikiwa siku ya tatu, meseji yenu hatoisoma tena.

Mambo haya mawili yanafanana kwa kuwa mtu anarudishiwa jambo alilokuwa halijui. Nasema hivi kwa sababu ya mwani.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Kila mwenye kutaka kuwatengenezea programu, wazo lake la kwanza huwa ni maji: tuwaonyeshe saa za kupwa na kujaa. Anachukua jedwali la bandarini, anatia picha ya wimbi, ameshamaliza. Lakini mkulima wa mwani hahitaji kuambiwa lini ni bamvua, siku za maji makubwa. Anauangalia mwezi. Anajua mwezi ukiandama na ukifika kumi na tano maji yatatoka mbali, anajua kwamba bamvua kwetu hupwa mnamo saa nne za asubuhi, anajua kila siku inayofuata maji yanachelewa kidogo chini ya saa nzima, na anajua siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, hakuna cha kwenda kufanya. Ujuzi huo alirithi kwa mama yake. Programu inayomsomea habari hiyo kwa mita na nukta inamrudishia mali yake, tena imechakaa.

Asichokijua ni kingine. Hajui joto la maji limepanda kiasi gani kulinganisha na mwezi kama huu mwaka jana, na joto ndilo linaloufanya mwani ugeuke mweupe na kukatika kambani. Aina ya cottonii, ambayo ndiyo yenye bei nzuri, imewashinda wakulima wengi kwa sababu hiyo, wakabaki na spinosum ya bei ndogo. Hajui kijiji cha pili mnunuzi ametoa bei gani wiki hii. Akipata meseji siku mbili kabla ya bamvua kwamba maji ya rasini kwake yamepanda joto, anaweza kuamua kuvuna mapema badala ya kungoja mwani unenepe. Akiipata wiki mbili baadaye katika ripoti yenye rangi nzuri, itamfaa nini? Kamba zimeshabaki tupu.

Kwa hivyo vijana, kabla ya kuuliza mtu anataka kuona nini, kaeni naye mpaka mjue anajua nini tayari. Ni kazi ya siku nyingi na haina picha za kuweka kwenye ripoti ya mradi, na ndiyo maana inarukwa.

Niseme na la saa, kwa sababu linakera. Simu ikionyesha 10:10 kila mtu hapa anasoma saa nne na dakika kumi, hatukosei. Matata yanaanza pale mtu anapoandika kwenye meseji "saa 10:10" bila ya kusema asubuhi wala jioni. Msomaji mmoja ataelewa saa nne, wa pili atakwenda alasiri. Andikeni "saa nne asubuhi". Inachukua herufi chache zaidi, na mgonjwa hatokosa daktari wake.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye chombo ambacho nadhani kimesanifiwa vizuri kuliko vyote mlivyowahi kuvishika, nacho hakina betri. Ni kadi ya kliniki ya mtoto. Kina mama mnaijua, na nyinyi vijana mmo ndani yake.

Katika miaka ya 1950 daktari mmoja Mwingereza, David Morley, alikuwa akifanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, magharibi ya Nigeria. Watoto walikuwa wanakufa kwa utapiamlo na maradhi ambayo yangeweza kuonekana mapema. Kupima uzito wa mtoto halikuwa jambo geni. Jambo geni lilikuwa nini cha kuufanya uzito ule baada ya kuupima. Morley aliuweka kwenye mchoro: miezi chini, kilo pembeni, na njia iliyochorwa tayari ambayo mtoto mwenye afya hupita. Nesi anatia nukta, anaiunganisha na ya mwezi uliopita, basi. Mama asiyejua kusoma anaona mstari wa mwanawe unapanda, umelala, au unashuka.

Hebu angalieni ni maamuzi mangapi ya usanifu yamejificha hapo. Nambari moja peke yake, kilo 7.2, haisemi kitu. Ikikaa karibu na ya mwezi uliopita inasema habari nzima. Mtoto mdogo wa umbo ambaye mstari wake unapanda yuko salama kuliko mtoto mkubwa ambaye mstari wake umelala miezi miwili, na mchoro unalionyesha hilo bila ya kuandika neno. Kadi tulizozizoea sisi kwa miaka mingi ziliongezwa rangi, kijani, kijivu na nyekundu, na nadhani hakuna bibi Pemba nzima anayehitaji kuelezwa nyekundu ni nini.

Lakini uamuzi mkubwa kuliko wote ni huu: kadi alipewa mama. Haikufungiwa kwenye kabati la kliniki. Wako waliodhani mama wa kijijini ataipoteza, na kumbe kadi zilizokaa na kina mama zilihifadhika vizuri, vizuri kuliko mafaili ya hospitali. Mama anaifunga kwenye mfuko wa plastiki, anaiweka na vyeti vyake. Mtoto akipelekwa Mkoani kwa bibi yake, kadi inakwenda naye. Akiumwa usiku akapelekwa kituo chengine, nesi ambaye hajawahi kumuona anaifungua na kumjua. Data ile inakwenda anakokwenda mwenyewe, na mama anayo sauti mbele ya daktari kwa sababu ushahidi anao mkononi.

Leo tunaihamishia kadi hiyo kwenye tableti, na naunga mkono, maana karatasi haiwezi kumkumbusha nesi kwamba mtoto fulani hakuja mwezi huu. Wahudumu wetu wa afya ya jamii katika mpango wa Jamii ni Afya wanatembea nyumba kwa nyumba na simu zinazowaongoza nini cha kuuliza na nini cha kushauri, na hilo ni jambo kubwa. Ombi langu ni moja tu: mstari ule usiingie kwenye tableti ukamtoka mama. Nesi akishatia nukta, aigeuze skrini imtazame mama. Programu iwe na ukurasa uliotengenezwa kwa ajili ya dakika hiyo: herufi kubwa, mtoto mmoja, mstari mmoja, bila majedwali. Na karatasi ibaki mpaka siku kila mama atakapokuwa na cha badala yake.

Kuna data nyengine ambazo thamani yake ni mtu kufika kwenye mlango wako. Mwaka 2008 Zanzibar ilianza utaratibu wa vituo vya afya kutuma idadi ya wagonjwa wa malaria kila wiki kwa simu ya mkononi, badala ya kungoja makaratasi. Tangu mwaka 2012 ukaongezwa mfumo unaoitwa Coconut Surveillance: mgonjwa akigundulika kituoni, afisa wa wilaya anapata taarifa kwenye tableti yake, anakwenda mpaka nyumbani kwa mgonjwa na kuwapima waliomo. Vyandarua, dawa na upuliziaji ndivyo vilivyoishusha malaria mpaka kuwa ya wachache. Lakini ikishakuwa ya wachache, kinachobaki ni kujua hao wachache wako wapi. Nawaomba mtazame umbo la kazi ile. Afisa hafungui ramani ya nchi nzima akatafuta. Skrini inampa nyumba moja ya kwenda leo. Na nesi aliyetuma taarifa anaona kwamba kuna mtu alikwenda. Mtu akiona nambari yake imemtoa afisa ofisini, mwezi ujao ataijaza kwa uangalifu bila ya kusimamiwa.

Hilo la mwisho tumelithibitisha wenyewe. Wizara ya Afya yetu iliwahi kuendesha warsha za kila miezi mitatu ambapo timu za wilaya zilikuja na takwimu zao wenyewe, zikazisimamisha mbele ya wenzao wa wilaya nyengine, wakaulizana. Kwa nini waliopata dozi ya tatu ya chanjo wamezidi waliopata ya kwanza? Kwa nini waliojifungulia kituoni ni wengi kuliko wajawazito mnaowatarajia? Hakuna afisa anayetaka kuulizwa hivyo mara mbili. Habari za warsha zile zilichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, na walioziandika walionyesha kwamba ubora wa takwimu na matumizi yake vyote vilipanda. Nalitaja kwenu wasanifu kwa sababu mara nyingi tunadhani kazi yetu inaishia kwenye kioo cha simu. Meza, viti, chai na saa moja ya kuulizana kwa heshima ni usanifu pia. Dashibodi nzuri ambayo hakuna kikao cha kuifungulia itakaa imefungwa.

La sensa nitalipitia haraka. Mwaka 2012 tulihesabiwa 1,303,569. Mwaka 2022 tukawa 1,889,773. Nambari hizo zikisomwa redioni zinapita kama upepo. Sheha akiambiwa kwamba penye watu 100 mwaka 2012 palifika watu 145 mwaka 2022, ataanza kuhesabu. Mwalimu akiambiwa kwamba darasa lake la watoto 45 lingekua kwa mwendo huo lingekuwa na watoto 65 ndani ya kuta zile zile, atanyanyua mkono. Na wote wawili suala lao la pili litakuwa, "na kwangu mimi je?" Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali inazo hesabu za mpaka shehia. Ukurasa mmoja kwa kila shehia, uliobandikwa kwenye ofisi ya sheha, utafanya kazi kuliko kitabu kizima.

Hivyo hivyo picha za angani. Kuanzia mwaka 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni, zikishirikiana Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Picha zile zinaonyesha paa moja moja. Mtu yeyote akionyeshwa, kabla ya kitu chochote atatafuta nyumba yake. Basi muonyesheni nyumba yake kwanza, halafu ndipo mumuonyeshe bonde linalojaa maji liko umbali gani nayo.

Jambo la mwisho ni zito na naomba mlichukue kwa uzito wake. Kurudisha data kwa wenyewe kunaweza kumuumiza mtu. Katika nyumba nyingi simu ni moja, na anayeishika si lazima awe ndiye meseji imemhusu. Meseji inayosema "Njoo uchukue dawa zako kituoni" inaweza kuvunja nyumba. "Karibu kituoni Jumatatu, saa mbili asubuhi" inatosha, na anayehusika ataelewa. Siri ya mgonjwa mnailinda kwa maneno mnayoyachagua kama mnavyoilinda kwa nywila.

Na wavuvi vilevile. Kisiwa Panza wamekuwa wakiufunga mwamba wa pweza kwa miezi, wakaufungua kwa siku moja ya pamoja. Kilo zilizotoka siku ya kufungua ni habari ya kijiji kizima, na inafaa kila mtu aione ikiwa imewekwa pamoja na ya miaka iliyopita, maana ndiyo itakayowafanya wakubali au wakatae kufunga tena. Lakini pango ambalo mvuvi mmoja anampata pweza wake siku zote ni mali yake, alilionyeshwa na baba yake. Programu inayochukua kilo na mahali kwa pamoja, halafu ikatia nukta kwenye ramani ya wote, imemwibia. Hatosema. Ataanza tu kuandika mahali pa uongo, na ramani yenu itajaa pweza pasipokuwa na pweza. Kila mnaporudisha kitu, amueni kwanza ni cha nani: cha mtu peke yake, cha nyumba, cha kijiji, au cha serikali. Maamuzi hayo yafanyike nao wenyewe wakiwa wamekaa, si baada ya programu kuanza kazi.

Muda wangu umebaki kidogo na nimewaomba waandaaji tusifungue maswali kwa vijana wa kompyuta, watuwie radhi. Wauguzi mlioko safu ya mbele ndio mnaojaza madaftari. Naomba kila mmoja wenu atutajie safu moja katika daftari lake anayoijaza kila siku, na hajawahi hata mara moja kurudishiwa habari zake wala kuulizwa. Vijana, shikeni kalamu muandike, na baada ya sala ya adhuhuri kila kundi lichague safu moja lifanye nayo kazi mpaka jioni, nesi mwenyewe akiwa mezani.

Karibu dada, anza wewe.